Kitufe Chenye Picha ya Gari Linaloteleza

Magari yalikuwa mawili, pacha kwa kila kitu isipokuwa rangi, na kilichoyatofautisha kilikuwa kidogo kuliko kucha ya kidole gumba. Yalikuwa yameegeshwa Tororo, kwenye yadi ya magari yaliyotoka ng'ambo ambayo huku kwetu tunaiita bondi. Yote mawili yalikuwa ya michezo: milango miwili, tumbo karibu na ardhi, pua ndefu. Chini ya usukani wa lile jekundu palikuwa na kifuniko kitupu cha plastiki. Kwenye lile la kijivu, mahali hapohapo, palikuwa na kitufe, na juu yake picha ya gari lililoacha nyuma mistari miwili iliyopindapinda kama njia ya nyoka.

"Hii ni ya nini?" nilimuuliza broka.

"Madam, hiyo ni ya kuzuia gari kuteleza. Lakini usiogope, ukitaka unazima."

"Kama nitazima, mbona inaongeza bei?"

"Bei si yangu. Huko gari ilitoka, mwenye hii ya kijivu aliomba kitufe akalipia. Mwenye nyekundu hakutaka."

Tofauti ya bei ilikuwa sawa na ng'ombe watatu wa maziwa, na mimi si mtu wa kuwaachia ng'ombe watatu waende bila kuuliza wanakwenda wapi. Nikaingia ndani ya gari la kijivu na kuanza kupekua. Kwenye dashibodi nikaona kipande cha tepu nyeusi kimebandikwa juu ya kioo cha taa.

"Na hii tepu?"

"Hapo iko taa. Ilikuwa inawaka tu. Kastoma akiona taa inawaka, anakimbia." Alisema hivyo bila aibu yoyote, kama mtu anayeeleza kwa nini amefunika chakula nzi wasitue. Kisha akanishauri, kwa nia njema kabisa, ninunue lile jekundu. "Gari ikikuwa na mambo mingi, mambo mingi inaharibika."

Mimi ni wakala wa forodha mpakani Busia, upande wa Uganda. Maisha yangu ni karatasi, mihuri na foleni. Magari ya mitumba hupita mbele ya dirisha langu kila siku yakitoka Mombasa, mengi yakiwa magari ya familia na vibasi vya abiria, lakini mara mojamoja hupita moja lililolala chini kama paka anayewinda, na hapo huacha kalamu nikatoka nje kulitazama mpaka lipotee. Macho hayana pazia. Wanangu walipokwenda wote shule za bweni, niliamua kwamba safari hii halitapita. Dada yangu aliniuliza magunia nitayapakia wapi. Nilimjibu kwamba nimepakia magunia ya kutosha maishani.

Lakini kitufe kile kilinikaa rohoni kwa sababu nyingine, na afadhali niiseme mapema.

Miaka kumi na minne iliyopita, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na leseni ya mwanafunzi, nilikuwa nikiendesha pikapu ya baba kutoka nyumbani Merikit kwenda soko la Tororo. Nyuma tulikuwa na magunia ya mtama. Baba alikaa kushoto kwangu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza, na kuna mteremko pale unaoshuka hadi kwenye kinamasi cha mpunga. Maramu, ule udongo mwekundu wa barabara zetu, ikiloa inakuwa sabuni. Nusu ya mteremko nilikanyaga breki, na mkia wa pikapu ukaanza kunipita. Nakumbuka niliona shamba la mihogo mahali ambapo palipaswa kuwa na barabara. Tukaingia mtaroni kwa ubavu wa kushoto, upande wa baba.

Goti lake la kushoto halikukunjika tena. Baba alikuwa dereva wa malori, Mombasa hadi Kampala na kurudi, zaidi ya miaka thelathini, na hakuwahi kukwaruza hata kioo cha pembeni. Goti la kushoto ndilo la klachi. Kazi yake iliishia pale mtaroni. Walipokuja askari, na majirani, na mama akikimbia na kanga begani, baba aliwaambia wote neno moja, akiwa bado amelazwa kwenye nyasi: "Nilikuwa naendesha mimi."

Sikumsahihisha. Niliogopa askari, niliogopa leseni yangu, nikanyamaza, na kunyamaza kukawa mazoea. Tangu siku hiyo watu wa kwetu walimtania kwamba alizishinda kona zote za njia ya Mombasa akashindwa na mteremko wa nyumbani kwake. Yeye alicheka nao. Mimi kila mara nilitafuta sababu ya kuondoka, nikaosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Kwa hiyo nilipokiona kitufe kile, nilitaka kujua jambo moja tu: ulikuwa mkono wangu? Kama kitufe kingetuweka barabarani, basi kosa lilikuwa la pikapu kuukuu isiyokuwa nacho, na mtu yeyote angeanguka. Kama kisingetusaidia, basi goti la baba nililivunja mimi. Ndivyo nilivyofikiri, na kwa hesabu hiyo ng'ombe watatu hawakuwa wengi.

Nilianza kuuliza. Mpakani hakukosi madereva wanaoleta magari kutoka Mombasa, na kila mmoja ni profesa. Wa kwanza aliniambia kitufe ni cha mvua, ukiona mawingu unakibonyeza. Wa pili, kijana wa upande wa Kenya, alicheka. "Hiyo ni ya barafu, madam. Ulaya huko. Huku hakuna barafu, hiyo kitu imelala tu." Wa tatu alisema yeye hukizima kila anapokwama kwenye tope, maana kikiwa hai kinaibana injini na gari halitoki. Huyo wa tatu nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa sahihi, lakini siku ile nilimwona mwongo kuliko wote.

Mwisho nilimpigia simu mtu mmoja anayefundisha ufundi wa magari, anakaa upande wa Busitema. Ni Msamia wa Lunyo, mpole, mwenye mazoea ya kufuta mikono kwenye suruali hata ikiwa safi. Niliwahi kumtolea mzigo wa vipuri uliokwama forodhani, naye hakusahau. Broka wa Tororo naye tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka mingi, akaniachia gari la kijivu kwa siku moja. Nikampelekea.

Jambo la kwanza alibandua ile tepu. Taa ilikuwa ikiwaka kweli. Akalala chini ya gari, akatoka na donge la udongo lililokauka kama tofali. "Huku ndani kwenye gurudumu kuna kijicho kidogo cha kuhesabu mzunguko," alisema. "Kilikuwa kimezibwa." Akakisugua kwa mswaki. Tulipozunguka nalo mara moja, taa ikazimika yenyewe. Nilifurahi kama mtu aliyeponyesha mgonjwa, na mimi sikuwa nimefanya chochote zaidi ya kushika tochi.

"Sasa niambie, hicho kitufe kinafanya nini hasa?"

Alitazama huku na huku, akaona toroli la kubebea mchanga. "Dada, ukisukuma hilo toroli na mzigo, likataka kukimbilia kulia, unafanya nini?"

"Navuta mkono wa kushoto."

"Basi ndiyo hiyo. Kwenye usukani kuna kitu kinajua unataka kwenda wapi. Hapa katikati, chini ya sakafu, kuna kingine kinajua gari yenyewe inakwenda wapi. Wakikosa kupatana, kompyuta inashika breki ya gurudumu moja tu, lile linalofaa, na inapunguza nguvu ya injini. Wewe una mguu mmoja wa breki kwa magurudumu manne. Yenyewe ina miguu minne."

"Kwa hiyo haiwezi kuanguka."

"Inaanguka vizuri sana!" Alicheka. "Haiongezi mshiko wa tairi. Ukija na mwendo wa wazimu utaingia mtaroni, ila utaingia ukiwa unatazama mbele, kama mtu mwenye heshima zake."

Nilimwomba anionyeshe kwenye tope. Alisema kuna uwanja wa kugeuzia malori ya miwa, mpana, hauna mti wala mtaro, tusubiri siku yenye mvua ya asubuhi. Broka akaniongezea siku.

Baba aliposikia, alisema anakuja. Sikumwalika; nilikuwa sijui nitaficha wapi uso wangu. Baba yangu alijifunza Kiswahili Mombasa akakichakaza njiani akirudi, na huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Mama," aliniambia, "gari ni miguu na macho. Hizo vitu zingine ni za kuuzia." Lakini nilipofungua mlango wa gari la kijivu, nilimwona akichungulia ndani kama mtoto kwenye dirisha la duka. Nilihofia goti lake, kwa jinsi kiti kilivyo chini. Tukakisukuma kiti nyuma, kikaenda, kikaenda, na mguu wa baba ukanyooka wote mbele yake. Tangu aumie, katika kila gari alikuwa akikaa upandeupande kama mtu anayetaka kushuka. Akaupigapiga mlango kwa kiganja. "Hii iko na adabu," alisema.

Uwanja ulikuwa mwekundu na unang'aa. Mwalimu alipanga madumu ya maji ya manjano katikati, mbalimbali, akampa baba moja la kukalia pembeni chini ya kimteremko cha kuingilia, kisha akaketi kushoto kwangu.

"Tuanze bila kitu. Bonyeza kitufe, ushikilie mpaka taa iseme imezima. Halafu pita kati ya madumu."

Mwendo haukuwa mkubwa. Nilikata kushoto, nikakata kulia, na mkia ukaondoka. Ulikuwa mkia uleule. Miaka kumi na minne imepita, gari ni lingine, uwanja ni mwingine, lakini makalio yangu yaliutambua kabla ya kichwa. Tulizunguka tukatazama tulikotoka, dumu moja likiwa chini yetu likilia. Niliogopa kumtazama baba.

"Pole," mwalimu alisema. "Sasa washa."

Nilirudia njia ileile, mwendo uleule. Nilikata kushoto, nikakata kulia, mkia ukaanza kuondoka, na hapo kitu kikanguruma chini ya sakafu, grrr, grrr, kwa vipande vidogo. Taa yenye picha ya gari ikapepesa. Nikahisi mkono usiokuwa wangu ukivuta kona moja ya gari, kwa utulivu kabisa, na pua ikarudi mahali nilipoielekeza. Madumu yote yalibaki yamesimama. Nilirudia mara tano. Nilitaka kujua kinaanza saa ngapi, kinaacha saa ngapi, kinahisi nini ambacho mimi sikihisi. Mara ya tano nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, na mwalimu labda alidhani ndivyo wanawake wanavyonunua magari.

Mimi nilikuwa nasema moyoni: haukuwa mkono wangu. Ilikuwa pikapu. Mtu yeyote angeanguka.

"Nzuri," mwalimu alisema. "Sasa nataka niione ikishuka. Panda pale juu, geuza, rudi polepole."

Nilipanda kimteremko, nikageuza, nikaanza kushuka kuelekea alipokaa baba. Mwalimu akashika mpini wa mlango.

"Umefanya nini na gia?"

"Nimeweka frii."

"Kwa nini?"

Swali lilinishangaza. Kila mtu ninayemfahamu kwenye njia hii hushuka mteremko akiwa ametoa gia, gari likijiporomosha kwa uzito wake. Madereva wa malori hufanya hivyo ili kuokoa dizeli, na wale wanaookoa nyingi husifiwa. Baba alinifundisha nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa sauti ya chini, kama mtu anayerithisha dawa ya ukoo. Mteremko ni mafuta ya bure, alisema. Tangu hapo mkono wangu ukiona mteremko hauniulizi.

"Ukiwa frii, injini haikushiki," mwalimu alisema. Tulikuwa tumefika chini, kioo kimefunguliwa, baba yuko hatua tatu. "Gari inaongeza mwendo yenyewe. Unabaki na breki peke yake, na kwenye tope breki ndiyo inatupa mkia. Weka gia ya pili, gari itashuka kama mzee na bakora, hata bila hicho kitufe. Hiki kimekuja kukusaidia, dada, lakini usikipe kazi ambayo umeitengeneza wewe. Nani alikufundisha hivyo?"

Moyoni nilikuwa nimerudi kwenye pikapu ya baba. Sikuwahi kukumbuka kwamba siku ile nilikuwa frii, kama vile sikumbuki kwamba nilikuwa napumua. Lakini nilikuwa frii. Nilitoa gia juu kabisa, penye msalaba wa mti wa kanisa, kama nilivyofundishwa, na baba aliutazama mkono wangu ukiitoa, akaridhika.

"Mimi," baba alisema kutoka kwenye dumu lake. "Nilimfundisha mimi."

Mwalimu alimtazama yeye, akanitazama mimi, akashuka garini akaenda kukusanya madumu, moja moja, bila haraka. Mtu mwenye akili.

Nilishuka nikasimama mbele ya baba. "Ulijua?"

"Nilijua hata kabla gari haijasimama."

"Miaka yote hii?"

Alikuwa akilishika goti lake kama linavyoshikwa bega la mtoto. "Wale askari niliwaambia nilikuwa naendesha mimi. Sikuwadanganya, mama. Mikono ilikuwa yako. Kuendesha kulikuwa kwangu."

Nilikasirika. Sijawahi kumkasirikia baba yangu kiasi kile, wala sijawahi kumpandishia sauti, lakini siku ile nilimpandishia hata mwalimu kule mbali akainama zaidi juu ya madumu yake. Nilimwambia kwamba goti lile nimelibeba mimi. Nilimwambia kila walipomtania nilitaka ardhi inimeze. Nilimwambia sentensi moja ingetosha. Mbona hukuniambia?

Ng'ombe wa mtu alipita akatutazama.

"Watu wote walikuwa wameshajua mimi ni dereva aliyeangusha gari," alisema mwisho. "Ulibaki wewe tu. Kwako nilikuwa bado mwalimu. Mguu umekwenda, kazi imekwenda, nikaona hiyo moja nisiitoe."

Niliketi kwenye tope pembeni yake, na suruali yangu ya kazini. Nilikuwa nimekuja kuuliza kama ni mkono au ni chuma, na nikapata jibu ambalo sikuwa nimelitafuta, wala sikujua niliweke wapi. Hasira haikuisha pale. Ilipungua njiani, tukirudi, kila nilipomwona ameunyoosha mguu wake wote bila kujitambua.

Nilinunua lile la kijivu. Broka alicheka: "Madam umenunua kitufe, gari umepewa ya bure." Mpaka leo nikiulizwa kama kina thamani nasema ndiyo, kina thamani, nimehisi mkono wake. Lakini nasema pia gia ya pili haiuzwi popote, na watu hudhani nafanya mzaha.

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka baba nyumbani Merikit. Mvua ilikuwa imenyesha. Tulipofika juu ya mteremko, mkono wangu wa kushoto ukaanza safari yake ya siku zote kuelekea kutoa gia, na mkono wa baba ukaja ukalala juu yake.

"Mbili," alisema. "Usiitoe."

Tulishuka injini ikinung'unika, na taa haikupepesa hata mara moja. Chini kwenye kinamasi watu walikuwa wakipanda mpunga. Wakanyoosha migongo kulitazama gari, na mmoja, mtani wake wa siku nyingi, akapaza sauti: "Mzee! Leo umeuona mtaro, au bado unautafuta?"

Wote wakacheka, na baba akaanza kucheka nao. Nilisimamisha gari, nikainama kuelekea dirisha la upande wake.

"Siku ile nilikuwa naendesha mimi," niliwaambia.

Kicheko kikakatika. Baba hakunitazama. Aliwatazama wale watu waliosimama na miche mikononi, kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya kinamasi: "Na kushuka frii nilimfundisha mimi."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya wangu, kwenye gia.

"Twende, mama," alisema. "Tunawachelewesha kupanda."